Binti Aliyekuwa Hewani

Bibi alifika kituoni saa mbili kamili asubuhi, akakuta watu watatu mbele ya kaunta, akawapita wote. Hakuwa na nia ya ujeuri. Alikuwa na miaka sabini na minane na fimbo mkononi, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumwambia apange foleni.

“Mjukuu wangu hayupo,” alimwambia Koplo. “Andika.”

Koplo, mwanamume mnene, baba wa watoto watatu, aliandika. Kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, aliomba namba ya mama wa mtoto, akapiga, akasikiliza kwa muda mrefu huku akitikisa kichwa. Akakata simu na kuweka kalamu chini.

“Mama, binti yako anasema mtoto yupo. Shule zimefunga wiki hii, kwa hiyo tangu Jumamosi yuko kwa rafiki yake, wanasoma pamoja. Leo asubuhi katuma picha. Hii hapa, nimerushiwa sasa hivi.”

“Picha,” alisema Bibi.

“Ndiyo.”

“Mimi sikuja kuulizia picha.”

Inspekta alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake na kikombe cha chai. Alikuwa amebakiza miezi saba kustaafu, na vijana wa kituo walisema anauliza swali moja mara tatu si kwa sababu hasikii, bali kwa sababu anasikia sana. Alitazama fimbo ya Bibi, kisha viatu vyake, vilivyojaa vumbi la mwendo mrefu.

“Koplo, mlete huyo mama kwangu,” alisema. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Angalau wewe umesimama.”

Ofisini Bibi alikataa chai, kisha akainywa. Alieleza mambo kwa mpangilio ambao Inspekta angependa kuuona kwa askari wake. Mjukuu alikuwa na miaka kumi na sita. Kila siku saa moja jioni alimpigia simu, na alifanya hivyo tangu babu yake afariki, miaka mitatu iliyopita. Alimwuliza amekula nini, Bibi akamdanganya, mtoto akamgombeza, wakacheka, wakaagana. Ijumaa alipiga. Jumamosi hakupiga. Leo ilikuwa Jumatano.

“Wewe ulimpigia?”

“Mara nyingi. Inaita, haipokelewi.”

“Ukamwambia mama yake?”

“Nilimwambia. Akaniambia, mama, watoto wa siku hizi hawapigi simu, wanaandika. Nikamwambia huyu hupiga. Akasema mama unazeeka.” Bibi aliweka kikombe chini. “Nimezeeka kweli. Lakini saa moja naijua.”

Inspekta aliomba kuiona simu yake. Ilitoka ndani ya leso, simu ndogo ya vitufe ambayo namba zake zilikuwa zimefutika kwa kubonyezwa. Katika orodha ya simu ambazo hazikupokelewa, kulikuwa na moja tu. Iliingia Jumapili, saa saba na dakika ishirini mchana, kutoka namba isiyo na jina.

“Hii ni ya nani?”

“Iliita mara moja ikanyamaza. Ni hao wanaokosea namba. Kila wiki wapo.”

Inspekta aliinakili kwenye daftari lake na kuipiga papo hapo. Sauti ya kike ikamwambia kwa upole kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Alipiga mstari mmoja chini ya namba ile, akachukua kofia yake.

Mama wa mtoto alikuwa muuguzi wa hospitali kubwa, mwendo wa dakika kumi kwa gari. Ukumbi wa wagonjwa wa nje ulikuwa umefurika tangu alfajiri. Benchi zilipangwa safu kwa safu kuelekea madirisha matatu, na katika kipaza sauti karani mmoja mwenye mafua alikuwa akiita namba kwa sauti ya kuvuta, kama mtu anayevua buti lililobana. “Namba thelathini na mbiliii, dirisha la tatuuu.”

Inspekta alivuka ukumbi huo akiwa na simu ya Koplo mkononi, akiichunguza picha iliyorushwa. Picha haikuwa na mtu. Ilikuwa na kipande cha dari, pazia la buluu, na dirisha la vioo vya kulaza. Kioo kimoja hakikuwepo, na mahali pake paliingizwa kadibodi. Saa ya kutumwa ilikuwa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Aliikuza kwa vidole viwili ili asome maandishi ya kadibodi, akamkanyaga mzee mmoja, akaomba radhi, akaendelea kuikuza. Msichana mmoja mwenye kikapu magotini alivuta miguu yake nyuma ili apite.

Walimkuta Muuguzi katika chumba cha vidonda. Alikuwa akilowesha bandeji ya mzee kwa maji ya chumvi ili iachie ngozi bila kuchubua, na hakuacha kazi yake. Mikono yake ilikuwa na subira. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala vya kutosha kwa miezi kadhaa.

“Afande, samahani kwa usumbufu. Mama yangu ana wasiwasi mwingi. Wenzangu wawili wanaumwa, nafanya kazi za watu watatu, na yeye ananiletea polisi.”

“Binti yako yuko kwa rafiki yake tangu lini?”

“Tangu Jumamosi asubuhi. Kwa Pacha. Si pacha kweli, ndivyo wanavyoitana tu, hawaachani.”

“Nani alimpeleka?”

“Alikwenda mwenyewe. Ni vituo viwili vya basi.”

“Ulizungumza na mama yake Pacha?”

Muuguzi alikunjua bandeji kwa uangalifu zaidi ya ilivyohitajika. “Naye ana kazi zake, Afande. Sikuona haja. Mtoto yuko hewani. Kila asubuhi anatuma picha, namwuliza amelalaje, ananijibu.”

“Wewe na yeye mlionana lini mara ya mwisho?”

“Tunaongea kila siku.”

“Mlionana lini?”

Mzee wa bandeji alimtazama Muuguzi. Yeye pia alitaka kusikia.

“Kuonana,” alisema Muuguzi, “labda Alhamisi. Ijumaa nilirudi kalala. Jumamosi nilitoka kabla hajaamka.”

Inspekta aliandika. Kisha akaomba simu yake kwa saa chache, kwa uchunguzi. Muuguzi alicheka kidogo akidhani ni utani, akaona si utani, akaitoa mfukoni polepole.

“Sasa nitakaaje bila simu?”

“Nikiwa na habari nitapiga simu ya mezani ya wodi. Unatoka saa ngapi kula?”

“Saa saba. Napita hapo ukumbini, nakunywa chai nje, narudi.” Alimtajia neno la siri. Lilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya mtoto.

Ndani ya gari, Koplo aliendesha na Inspekta akasoma. Alisoma kutoka nyuma kuja mbele, mwezi mzima, bila haraka. Koplo alikuwa na nadharia yake.

“Kuna mwanamume hapo, Afande. Nakwambia. Binti wa miaka kumi na sita, simu haipokelewi, picha haina uso. Kuna mtu kamshikia simu.”

“Huenda. Mtoto wako anakuandikia nini asubuhi?”

“Wangu? Anaandika ‘baba nauli’. Basi.”

“Huyu anaandika ‘shikamoo mama’. Kila siku, kabla ya neno lolote. Hata siku waliyogombana juu ya viatu, ameandika shikamoo mama, halafu ugomvi ukafuata.” Inspekta aliusogeza ukurasa kwa kidole. “Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, shikamoo mama. Hiyo ni ya mwisho. Jumapili mama anauliza, umelala salama? Anauliza mara tatu. Baada ya saa mbili anajibiwa ‘poa’, na picha ya moyo. Jumatatu, poa. Jana, moyo mtupu na kikatuni cha kucheka. Leo, poa.”

“Watoto husahau.”

“Husahau siku moja. Huyu kasahau siku nne mfululizo, na zinaanzia kesho yake baada ya kuacha kumpigia bibi yake.”

Koplo aliongeza mwendo. Hakuwa mjinga, alipenda tu nadharia zinazokuja upesi.

Inspekta alifunga simu na kutazama barabara. Katika kazi yake alikuwa amekwisha kuwatafuta watoto wengi walioondoka nyumbani kwa miguu yao wenyewe. Siku mbili za kwanza huwa wako karibu, wanangoja watafutwe. Ikifika siku ya tano huwa wamekwisha kupata mtu wa kuwaambia twende. Alimkumbuka mmoja aliyechelewa kwa nusu siku tu, na mpaka leo faili lake halijafungwa. Aliogopa, na kama kawaida yake alipoogopa, aliongea polepole zaidi.

“Usipige honi hovyo, Koplo. Tunatafuta dirisha.”

Mama yake Pacha alikuwa fundi cherehani. Sebule yake ilikuwa karakana. Sketi za shule zilitundikwa ukutani kwa saizi, na sakafu ilijaa vipande vya uzi. Aliwakaribisha akiwa na pini mbili midomoni, akazitoa ili aseme.

“Rafiki yake? Hajalala hapa. Jumamosi asubuhi alipita, dakika tano, kumi, wakanong’onezana, akaondoka. Kuna nini, Afande?”

“Tunaomba kuongea na binti yako. Wewe ukiwepo.”

Chumba cha Pacha kilikuwa na kitanda kimoja, pazia la buluu, na dirisha la vioo vya kulaza. Kioo cha tatu kutoka juu hakikuwepo. Kadibodi ilikuwa ya boksi la nyuzi za kushonea, na maandishi yake Inspekta aliyasoma sasa bila kuyakuza. Koplo alikunja uso. Nadharia yake ya mwanamume ilikuwa inaanza kumwacha. Aliinama chini ya kitanda kuangalia kama mtoto amejificha humo, akatoka na ndara moja.

Pacha alisimama karibu na kabati. Alikuwa mwembamba, kucha zimetafunwa, na alisema shikamoo mara mbili kwa mtu mmoja.

“Marahaba. Rafiki yako yuko wapi?”

“Kwao.”

“Rafiki yako yuko wapi?”

“Sijui. Yupo. Si yuko hewani?”

Inspekta hakuuliza mara ya tatu. Alitoa simu ya Muuguzi, akatafuta jina lililoandikwa Mwanangu, akabonyeza kupiga. Chini ya mto wa Pacha kitu kikaanza kutetemeka, kikasukuma shuka kidogokidogo kama kifaranga.

Fundi alikaa kitandani. “Mwanangu,” alisema, “umefanya nini?”

“Sijaiba! Alinipa mwenyewe. Alinipa nimtunzie moto.”

“Moto gani?” aliuliza Inspekta.

Koplo ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mzazi aliyewahi kuteseka. “Ni ule mtandao wa picha, Afande. Watu wawili wakitumiana picha kila siku bila kukosa, wanawekewa alama ya moto na idadi ya siku. Wakikosa siku moja, unazima, wanaanza sifuri. Wangu ulimzimikia mwaka jana, alilia kama kafiwa. Nilidhani kafeli.”

“Sisi tuna siku mia nne na kumi na mbili,” alisema Pacha. Hata katika hofu yake, namba ile aliitamka kwa fahari. “Na yeye ana mwingine na wenzetu sita darasani. Ukiumwa au ukinyang’anywa simu, unampa mtu unayemwamini simu yako au neno lako la siri, anakutunzia. Wote tunafanya. Nilipolazwa, yeye alinitunzia wiki mbili. Kila siku, hata siku za mtihani.”

“Kwa hiyo kila asubuhi unapiga picha ya dari.”

“Dari, dirisha, chochote. Picha haina maana, Afande. Maana ni kwamba umetuma.”

“Na mama yake? Yeye pia ana moto?”

Pacha alitazama chini. “Picha zinamfikia na yeye. Aliniambia moto tu. Mama yake nisimjibu kitu.”

“Ukamjibu.”

“Aliandika mara tatu! Umelala salama, umelala salama, mbona kimya. Nikaona akirudi atagombezwa. Nikaandika poa. Kesho yake akaniandikia tena, nikaona nikinyamaza atashtuka.” Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, na aliyafuta kwa mkono wa blauzi. “Anaandika vizuri sana yule mama. Nilimwonea huruma.”

“Alikuambia anakwenda wapi?”

“Kwa bibi yake. Alisema kwa bibi umeme umekatwa wiki hii, hataweza kuchaji.”

Inspekta alikaa kwenye kiti cha kusomea ili macho yao yalingane. “Bibi yake,” alisema, “ndiye aliyetembea kwa miguu leo asubuhi kuja kuniambia hayupo.”

Ilichukua muda kidogo kumwingia. Alimtazama mama yake, akamtazama Koplo, akaona hakuna anayetania. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kabisa, “Kwa hiyo hakuna anayejua?”

“Hakuna.”

“Tangu Jumamosi?”

“Tangu Jumamosi. Kila aliyetaka kumtafuta alipata jibu lako, akatulia. Hukuwa na nia mbaya, na sitakuandikia kosa. Lakini usitume tena kitu chochote.”

“Moto utazimika,” alisema Pacha, akajisikia mwenyewe alivyosema, akauficha uso kifuani kwa mama yake.

Nje, chini ya jua la saa sita, Inspekta alifungua daftari kwenye ule mstari wa asubuhi. Alipiga ile namba kwa simu yake mwenyewe. Safari hii iliita.

“Haloo?” Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi.

“Habari za leo, dada. Jumapili mchana simu yako ilipiga namba moja ikakatwa. Ulimwazima mtu?”

“Jumapili… Ndiyo, binti mmoja. Aliomba apige kwao, ikaita mara moja akakata, akasema basi, watajua. Jana ikaniishia chaji, ndiyo naiwasha sasa hivi. Wewe nani?”

Kabla Inspekta hajajibu, nyuma ya sauti ya yule mwanamke ikaja sauti nyingine, ya mtu mwenye mafua, ikivuta. “Namba sabini na nneee, dirisha la tatuuu.”

Inspekta alianza kutembea kuelekea garini. “Uko hospitali kubwa,” alisema.

“Niko hapa banda la ndugu wa wagonjwa, nyuma ya ukumbi. Mume wangu alilazwa, leo karuhusiwa, saa nane tunapanda basi kurudi kwetu.”

“Na huyo binti?”

“Analala nasi hapa bandani. Mpole, anasaidia kuteka maji, mchana anashinda ukumbini. Nimemwambia twende naye, dukani kwangu nahitaji msichana wa kazi, maana naona hana mtu wa kumwangalia. Leo asubuhi kakubali.”

“Mgonjwa wake ni nani?”

“Anasema mama yake,” alisema yule mwanamke. “Mimi huyo mama sijawahi kumwona.”

Walifika saa saba kasoro dakika kumi na tano. Inspekta alimwacha Koplo mlangoni. Alimwambia amzuie yule mwenye duka kwa maneno mazuri, na ampigie Bibi simu.

“Nimwandikie?”

“Mpigie, Koplo.”

Binti alikuwa benchi ya nne, pembeni, kikapu magotini. Sweta lake la shule alilivaa nje ndani ili nembo isionekane. Inspekta alikaa karibu naye, akaweka kofia kwenye paja. Hakumshika mkono. Walitazama wote mbele, kwenye madirisha.

“Bibi yako anakudai simu nne,” alisema Inspekta.

Binti hakukimbia. “Nilimpigia Jumapili. Nikakata. Ningemsikia sauti ningerudi.”

“Yeye ndiye aliyenituma.”

“Na mama?”

Inspekta hakupenda kusema uongo, na ukweli haukuwa mzuri. “Mama alidhani uko kwa Pacha.”

“Ndiyo, lakini nimenyamaza siku tano. Hata kama niko kwa Pacha.” Alizungumza bila kupandisha sauti, kama anayesoma hesabu aliyokwisha kuikokotoa. “Mwezi mzima namwandikia, mama nataka tuongee. Anajibu sawa mwanangu, nikitoka zamu. Nikasema ngoja ninyamaze, nikae mahali anapopita, nione ataona lini. Siku ya kwanza nilivaa barakoa. Jumapili nikaivua. Amepita hapa mara tisa.”

“Mara tisa.”

“Yupo na simu. Jana alisimama pale, karibu na ndoo ya taka, anacheka na simu peke yake. Nikasema kumbe ana mtu wa kuongea naye. Mimi sina kazi hapa.” Aligeuka kwa mara ya kwanza, akamtazama Inspekta usoni. “Hata wewe ulipita asubuhi. Nilivuta miguu. Ulikuwa unaangalia simu.”

Inspekta alihisi uso wake unapata moto. Miaka thelathini na mitatu ya kazi, na alikuwa amemruka mtoto aliyekuwa akimtafuta.

“Nilikuwa naangalia picha yako,” alisema.

Alitoa simu ya Muuguzi, akaifungua, akatafuta jana, saa saba na dakika nane mchana, akamkabidhi. Binti alisoma. Mama alikuwa ameandika: *Leo mzee wa kidonda kaniita nesi mrembo. Nimemwambia nina binti ananishinda. Nimekukumbuka mwanangu, Jumapili ijayo sifanyi kazi, nitakaa na wewe siku nzima.* Chini yake kulikuwa na moyo, na kikatuni cha kucheka.

“Alikuwa anacheka na wewe,” alisema Inspekta.

“Si mimi. Huyu ni Pacha. Nilimwambia asijibu!”

“Pacha alimwonea huruma. Na mama yako mpaka sasa hajui kwamba hakuwa wewe.”

Binti alirudia kusoma, midomo ikitembea. Chozi moja lilidondoka kwenye kioo cha simu, akalifuta kwa sweta, akasoma tena.

Saa ya ukutani iligonga saa saba. Mlango wa chumba cha vidonda ulifunguka. Inspekta aliinua mkono ili aite, na binti akaushika.

“Usimwite. Tafadhali. Mara moja tu.”

Kazi ilimtaka aite. Inspekta aliuteremsha mkono.

Muuguzi alitoka akivua glavu. Alizitupa katika ndoo, akaanza kutembea, na mkono wake wa kulia ukaingia mfukoni wenyewe. Haukukuta kitu. Ukatoka, ukajaribu mfuko wa kushoto. Akakumbuka. Alisimama katikati ya ukumbi, mikono yake haina kazi, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama, akainua uso akatazama watu.

“Namba sabini na tisaaa,” kipaza sauti kiliita.

Alimtazama mama mwenye mtoto mgongoni. Alimtazama kijana mwenye gongo. Macho yake yakaja benchi ya nne, yakakuta sare ya polisi, yakamtambua Inspekta, na mkunjo wa swali ukaanza kujitokeza kwenye paji la uso. Kisha yakasogea kidogo tu, hadi kwa aliyekaa kando yake.

Binti alisimama. Kikapu kilianguka, na hakukiokota.

“Shikamoo, mama,” alisema.

Mama hakuitikia. Alikuwa anakimbia.